Kioo cha saa ya oveni kimezimika? Anzia nyuma yake kabla hujanunua nyingine

Siku mbili kabla ya Idi, saa mbili asubuhi, mama mmoja wa Tudor, hapa Mombasa, alinipigia simu. "Mwanangu, oveni yangu imekufa. Kioo ni cheusi tititi, na nina sinia nne za nankatai zinangoja." Fundi aliyepita kwake jana yake alishamwambia anunue nyingine. Nilipofika nilikuta sinia zimefunikwa leso juu ya meza, nankatai zimeanza kulegea kwa samli na joto la jikoni, na oveni yenyewe haina hata mkwaruzo. Nikazungusha swichi: taa ya ndani ikawaka, feni ikazunguka. Kisichowaka kilikuwa kile kidirisha cha saa peke yake, na kwa kuwa saa haikuwaka, oveni ikakataa kupasha moto.

Nimeona oveni nyingi za namna hii zikitolewa nje Kisauni, Bamburi na Majengo, zikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa sababu ya kioo tu. Katika zile nilizopata kuzifungua, mara nyingi kioo kilikuwa kizima. Kilichokufa ni kitu kidogo nyuma yake, kile kinachokipa umeme. Kioo chenyewe ni shida kukipata madukani, lakini hicho kitu kidogo hununuliwa kwa makumi ya shilingi. Kwa hiyo kabla hujaisukuma oveni mlangoni, ifuate njia hii kuanzia nje kwenda ndani.

Kwanza tusikizane juu ya usalama. Stima yetu ni volti 240, na ndani ya bodi, ule ubao wa vipande vya elektroniki, kuna kapasita (kipande kinachohifadhi umeme) inayoweza kubaki na volti karibu 340 hata baada ya kuchomoa plagi. Hatua tatu za mwanzo anaweza kuzifanya mtu yeyote. Kuanzia ya nne, uwe umeshazoea mita ya kupimia umeme na solda. Kama hujawahi kuvishika, soma ili ujue unachomwambia fundi, kisha mwite. Na kama oveni imeungwa moja kwa moja na waya wa ukutani, bila plagi, kazi ya kuitenganisha na waya huo ni ya fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ugonjwa kweli

Stima ikipotea na kurudi, oveni nyingi zenye saa ya elektroniki huonyesha 0.00 au 12.00 ikipepesa, na hazipashi moto mpaka uiweke saa. Hiyo si hitilafu. Tafuta kitufe chenye alama ya saa, au ubonyeze viwili vya katikati kwa pamoja, kisha utumie + na − kuweka saa. Nyingine huonyesha herufi A ikipepesa na kutaka ubonyeze kitufe chenye picha ya kiganja ndipo zikubali kutumika kwa mkono. Nimeitwa Nyali mpaka Mtwapa kwa kazi ya kubonyeza kiganja, na sikuona haki kumtoza mtu zaidi ya nauli.

Ukiona alama ya ufunguo au kufuli, oveni imefungwa isichezewe na watoto. Bonyeza alama hiyo uishikilie sekunde tatu mpaka tano. Na kama kioo kinawaka vizuri kabisa, vitufe vinaitika, lakini joto halipandi na kuna neno kama dEMo, basi oveni iko katika hali ya maonyesho ya dukani. Kuitoa humo kunaelezwa katika kitabu chake.

Jambo jingine ambalo hapa kwetu linatokea sana. Ndugu amerudi Saudia na oveni, saa inawaka lakini kila siku iko nyuma. Saa hizi nyingi huhesabu mapigo ya umeme unaoingia. Kule mapigo ni 60 kwa sekunde, hapa ni 50, kwa hiyo kila saa nzima ikipita yenyewe inahesabu dakika 50 tu. Hakuna kilichoharibika. Ila kabla hujaichomeka oveni ya namna hiyo kwa mara ya kwanza, soma kibandiko chake. Ikiwa imeandikwa volti 127, usiichomeke kabisa kwenye soketi zetu.

Hatua ya 2: Soma dalili

Usishike bisibisi bado. Simama mbele ya oveni dakika tano uitazame, maana dalili zitakupunguzia nusu ya kazi.

Kioo cheusi lakini taa na feni zinafanya kazi: umeme unaingia ndani ya oveni, ila bodi ya saa haiupati au haiwezi kuutumia. Hii ndiyo ilikuwa hali ya yule mama wa Tudor, na ndiyo ninayokutana nayo zaidi.

Kila kitu kimekufa, taa na feni pamoja: ugonjwa hauko kwenye kioo. Nenda hatua ya 3.

Kioo kinawaka hafifu, au kinawaka vizuri mpaka pale unaposikia "tak" ya rilei (swichi inayoendeshwa na bodi) ikijiandaa kuwasha moto, halafu kinafifia, kinazimika, kinaanza upya. Hapo mpaji umeme wa bodi amechoka. Anaweza kulisha kioo peke yake, au rilei peke yake, lakini si vyote viwili. Ukiiona dalili hii ujue karibu kila mara ni kapasita, nami nitaieleza kwa kirefu hapo chini.

Tarakimu zina mapengo, 8 inaonekana kama 6 au kama 0: ni mguu mmoja ulioachia, au kioo chenyewe. Kinawaka ukipiga ubao wa mbele kwa kiganja kisha kinazima: ni mshono wa solda uliopasuka au kiunganishi kilichoshika kutu. Vitufe vinalia pi-pi vyenyewe usiku, hasa wakati wa mvua za mwaka: ni unyevu umeingia kwenye ubao wa kugusa.

Kuna moja ambayo haitaki kusubiri. Kioo kimekufa, lakini oveni inapasha moto yenyewe hata ukiwa umeizima. Midomo ya rilei imeshikana kwa moto. Zima ukutani sasa hivi na usiiwashe tena mpaka bodi itengenezwe.

Hatua ya 3: Umeme unaoingia

Hii ni fupi. Chomeka kitu kingine kwenye soketi ileile, pasi kwa mfano, uone kama inapata moto. Itazame plagi: fyuzi ya amperi 13 kwa volti 240 hubeba wati 3,120 na hapo ndipo mwisho wake, kwa hiyo oveni kubwa kwenye soketi ya kawaida huichoma taratibu. Ukiona plastiki imegeuka rangi ya kahawia au ina harufu ya kuungua, badilisha soketi na plagi kabla ya kugusa oveni. Angalia pia breka kwenye boksi la umeme. Kama jiko lina plagi mbili, moja ya oveni na moja ya kuwashia gesi, hakikisha hujachomoa isiyo yake.

Hatua ya 4: Kuzima, kuitoa na kuifungua

Zima ukutani, chomoa plagi, na plagi iwe mahali unapoiona muda wote unaofanya kazi. Kama ni jiko la pamoja na gesi, funga mtungi kwenye regyuleta kabla ya kulisogeza. Subiri dakika kumi.

Oveni ya kupachika kabatini hushikwa na skrubu mbili au nne pembeni, utaziona ukifungua mlango. Ina uzito wa kilo 30 na zaidi, kwa hiyo tafuta mtu wa pili na meza ya kuiwekea. Usiivute kwa mpini wa mlango. Oveni ya kusimama hufunguliwa bati la nyuma au sehemu ya juu nyuma ya ubao wa swichi.

Ukishaiona bodi, piga picha. Usipige moja, piga kumi: kila waya, kila rangi, kutoka pande mbili. Kisha chomoa viunganishi kimoja kimoja kwa kushika kile kichwa chake cha chuma au plastiki, maana ukivuta waya, joto la miaka limeshaukausha na utabaki nao mkononi. Chumvi ya Mombasa huvifanya vichwa hivi kung'ang'ania. Vitikise kidogo kushoto na kulia vitatoka.

Kabla hujaigusa bodi, weka mita kwenye volti za DC upime kwenye miguu ya kapasita kubwa zote, na ile ya plastiki pia. Ikionyesha zaidi ya volti chache, iunganishe kwa rezista ya kilo-ohm 10 kwa sekunde kadhaa, kisha upime tena. Kuishoti kwa bisibisi ni mchezo wa watu wengi, na mimi siupendi: cheche yake hukata njia za shaba kwenye bodi na inaweza kukurukia machoni.

Hatua ya 5: Chumvi

Watu wengi huiruka hatua hii, lakini kwa mji wetu naiweka mbele ya zote. Nyumba zinazotazama bahari, na hata za ndani kidogo, hupokea upepo wenye chumvi mwaka mzima, Kaskazi na Kusi. Chumvi huingia kwenye matundu ya oveni, ikakaa juu ya bodi, na usiku hewa ikipoa na kuwa na unyevu, ile chumvi hunyonya maji na kugeuka njia ya umeme. Oveni ikiwashwa hukauka. Ikizimwa hulowa tena. Baada ya miaka, shaba inakuwa na ukoga wa kijani.

Kwa mama wa Tudor niliukuta ukoga huo kwenye kiunganishi cha nyaya nyembamba kinachotoka bodi kuu kwenda kwenye kioo. Pini ya tatu kutoka kushoto ilikuwa imevaa kijani kibichi kama uchafu wa sarafu ya kale, na ukiigusa kwa ncha ya kijiti cha meno inamomonyoka unga.

Kosa linalofanywa na wengi ni kusafisha kwa spiriti peke yake. Chumvi haiyeyuki vizuri kwenye spiriti. Utasugua, bodi itang'aa, na chumvi itakuwa bado ipo imesambaa. Anza na maji safi ya betri ya gari, yale yasiyo asidi (soma chupa vizuri, maana zote mbili huuzwa pamoja), na mswaki laini. Loweka mswaki, si bodi, usugue palipo na ukoga, upanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Epusha maji yasiingie ndani ya transfoma, rilei na spika ndogo ya mlio. Ndipo uje na spiriti ya aisopropili ya asilimia 99, ambayo kazi yake hapa ni kufukuza maji na mafuta ya kupikia. Petroli na thina usitumie kabisa, zinakula plastiki na maandishi.

Kausha kwa feni usiku kucha. Wakati wa mvua mimi huiweka bodi kwenye boksi la kadibodi lenye balbu ndogo ya nyuzi, joto la uvuguvugu tu. Usiwe na haraka hapa. Bodi iliyowashwa na maji ndani yake mara nyingi haitengenezeki tena.

Mara moja kwa tano au sita, kwa uzoefu wangu, kazi inaishia hapa na kioo kinawaka.

Hatua ya 6: Kioo chenyewe

Kuna aina tatu na kila moja ina kipimo chake.

Ya kwanza inatoa mwanga wa kijani-samawati juu ya weusi. Ni kichupa bapa cha glasi kilichoondolewa hewa ndani. Kitazame kwa tochi kutoka pembeni: utaona nyuzi nyembamba kuliko nywele zimepita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hizo ndizo zinazopata moto na kurusha umeme kwenye tarakimu. Kisha tafuta kwenye kona au nyuma ya glasi doa lenye rangi ya fedha, linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Doa likiwa la fedha, hewa haijaingia. Likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na hapo hakuna fundi atakayekifufua. Kipime pia kwa mita: pini za mwisho kabisa kushoto na za mwisho kabisa kulia ndizo za nyuzi, na kati yake unapaswa kupata ohm chache au makumi ya ohm. Usipopata kitu, nyuzi zimekatika. Ikiwa kichupa kizima lakini tarakimu zinazotumika kila siku zimefifia kuliko alama ambazo haziwaki mara kwa mara, huo ni uzee wake, na dawa ni kukibadilisha.

Ya pili ni tarakimu za taa ndogondogo, nyekundu au nyeupe. Weka mita kwenye alama ya dayodi uguse pini mbili mbili, vipande vitawaka hafifu kimoja kimoja. Ya tatu ni ya kijivu kama saa ya mkononi. Hii ikionekana tupu, imulike kwa tochi kwa mshazari. Ukiziona tarakimu, basi kilichokufa ni taa ya nyuma tu. Tarakimu zikikosa vipande, fungua fremu, safisha ule ukanda wa raba unaokaa kati ya kioo na bodi kwa spiriti, uurudishe ukiwa umenyooka.

Hatua ya 7: Kapasita

Hapa ndipo oveni nyingi zinapoponea.

Itazame bodi utafute umeme unaingilia wapi. Kama kuna transfoma ndogo, pima upande wake wa volti 240: utegemee mamia au maelfu machache ya ohm. Mita ikikaa kimya, waya wa ndani umekatika, pengine siku stima ilipopanda ghafla, na transfoma inabadilishwa kwa nyingine yenye volti zilezile.

Lakini bodi nyingi za bei nafuu hazina transfoma. Badala yake zina kapasita ya plastiki yenye umbo la kisanduku, kubwa kama nusu ya kiberiti, ya manjano, kijivu au samawati, imeandikwa X2 na 275V~ au 310V~. Hii ndiyo inayoupunguza umeme wa ukutani. Na kwa sababu hakuna transfoma ya kutenganisha, ujue kwamba bodi yote, mpaka pini za kioo, iko moja kwa moja kwenye stima inapowashwa. Ndiyo maana vipimo vyote vya mwongozo huu ni vya bodi isiyo na umeme. Usiichomeke mezani ukaishika ati kwa sababu kioo kinatumia volti chache.

Sasa hesabu kidogo. Kapasita ya mikrofaradi 0.47 (mikrofaradi ni kipimo cha uwezo wa kapasita), kwa umeme wa volti 240 na mapigo 50, hupitisha takriban miliamperi 35. Hiyo ndiyo posho ya siku ya bodi nzima. Rilei moja ya volti 24 peke yake hutaka karibu miliamperi 15 au zaidi ili ivute, na kinachobaki ni cha kioo na cha kile kichipu kinachofikiri. Kapasita hizi zimetengenezwa kwa utando mwembamba wa chuma unaojiziba wenyewe kila unapotobolewa na mshtuko wa stima, lakini kila ukijiziba hupoteza kipande. Unyevu nao huula utando huo kutoka pembeni. Kwa nje haivimbi wala haiungui. Inapungua tu kimya kimya, mwaka baada ya mwaka.

Ya mama wa Tudor niliichomoa mguu mmoja nikaipima kwa mita ya kapasita. Imeandikwa 0.47, mita ikasoma 0.19. Hiyo ni miliamperi 14 tu. Rilei haikutosheka, kioo hakikutosheka, kichipu hakikuamka. Nilimwonyesha. Akaishika kwenye kiganja akaigeuza, akasema, "Kidude hiki ndicho kilichonikosesha usingizi?"

Badilisha kwa ya mikrofaradi zilezile, na lazima iwe ya X2, volti 275 au zaidi. Usikubali muuzaji akupe ya kawaida ya volti 400 akisema ni sawa. Ya X2 imetengenezwa kukaa kwenye stima moja kwa moja bila kushika moto, ile nyingine sivyo. Usiongeze mikrofaradi ukidhani utapata mwanga zaidi, utamchosha dayodi anayelinda volti za ndani.

Kisha zitazame zile za mviringo kama mikebe midogo. Joto ndilo adui yake: kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzijoto 10 zikiongezeka, umri wake hupungua kwa nusu. Kichwa kilichovimba au maji ya kahawia chini yake yanatosha kuihukumu, lakini iliyokauka haionyeshi alama yoyote, kwa hiyo mimi nikishafungua bodi yenye miaka mingi huzibadilisha zote. Chukua zilizoandikwa 105°C, si 85°C. Mikrofaradi zilezile, volti zilezile au juu kidogo. Mstari wenye alama ya kutoa ni upande wa hasi, piga picha kabla ya kuchomoa, maana ukiigeuza inaweza kulipuka.

Jirani zake wa karibu wanaokufa pamoja nazo ni wawili. Kuna kidude bapa cha mviringo, cha samawati au chungwa, kinachomeza mshtuko wa umeme. Kikipasuka au kuwa cheusi, kimekufa kikilinda bodi, weka kingine chenye maandishi yaleyale. Na kuna rezista inayofanya kazi ya fyuzi. Ikiwa imekatika, usiiruke kwa kipande cha waya. Tafuta kwanza kilichoikata, ndipo uweke ya aina yake isiyoshika moto.

Spea hizi ndogo utazipata kwenye maduka ya elektroniki mjini. Zikikosekana, huagizwa Luthuli, Nairobi, na kufika kwa basi Mwembe Tayari kesho yake. Nenda na ya zamani mkononi, usiende na maelezo ya mdomo.

Hatua ya 8: Mishono ya solda

Geuza bodi, uimulike, utumie kioo cha kukuzia. Kwenye miguu ya rilei, transfoma na viunganishi vikubwa, tafuta kijiduara chembamba kama ukucha kilichozunguka mguu. Ni ufa, unatokana na bodi kupanuka na kunywea kila unapooka. Usiongeze solda juu ya ile ya zamani. Ifyonze, safisha, utie mpya ya 60/40, chuma cha solda kikiwa nyuzi 350 hivi, sekunde mbili tatu kwa kila mguu. Mshono mzuri hung'aa na kupanda kwenye mguu kama mteremko. Ukikaa kama tone la mchuzi, haujashika.

Ikishindikana

Kama kile kichipu chenye miguu mingi kina tundu au kimeungua, acha hapo. Tafuta bodi nzima, ukiwa na namba iliyo kwenye kibandiko cha bodi yenyewe, siyo modeli ya oveni tu, kwa sababu oveni za modeli moja zinaweza kuwa na bodi mbili tofauti. Wauzaji wa oveni zilizotumika kutoka Uingereza mara nyingine wana moja iliyovunjika mlango ambayo watakubali kuikata spea.

Utaambiwa pia kwamba saa inaweza kurukwa, waya ukaunganishwa moja kwa moja ili oveni ipashe bila kioo. Kwa zile ambazo joto linashikwa na swichi ya kuzungusha, inawezekana. Kwa zile ambazo bodi ndiyo inayopima joto, ni kuwasha moto usio na breki ndani ya nyumba, nami huikataa kazi hiyo hata mteja akinisihi vipi.

Kuirudisha na kuijaribu

Kabla ya kufunga, safisha feni ya kupooza iliyo juu ya oveni, mara nyingi imejaa mafuta na vumbi, na uisukume kwa kidole uone kama inazunguka bila kukwama. Itazame raba ya mlango pia. Ikiwa imekatika, mvuke na joto hupanda moja kwa moja kwenye kioo ulichotoka kukitengeneza. Na hili mwambie kila mtu wa nyumbani: ukimaliza kuoka, usizime ukutani papo hapo ili kuokoa stima. Feni ile huendelea kuzunguka kwa sababu joto bado lipo, na ukiikata, joto lote linaiendea bodi. Ngoja inyamaze, ndipo uzime. Stima ikipotea, zima oveni ukutani, na ikirudi ngoja dakika chache itulie kabla ya kuiwasha.

Rudisha nyaya kwa kufuata picha. Plagi ikiwa bado nje, pima kati ya mguu wa ardhi wa plagi na bati la oveni: iwe chini ya ohm moja. Kisha kati ya mguu wa laivu na bati, swichi za oveni zikiwa zimewashwa: mita isisome kitu. Ukipata usomaji hapo, kuna waya unaogusa bati au hita imenyonya unyevu. Usichomeke mpaka ujue ni ipi.

Funga mabati yote. Chomeka, washa, usiguse bati kwa mkono kwa mara ya kwanza. Kioo kikiwaka na kupepesa 0.00, weka saa. Oveni haijali ukiiwekea saa ya Kizungu au ya Kiswahili, inataka iwekwe tu, lakini wanaotumia kuoka kwa kujiwasha wakubaliane nyumbani ni ipi. Weka nyuzi 180, bila chakula, usikilize rilei. Ikisema "tak" na kioo kisitikisike, umeme unatosha. Iache saa nzima ukiwa hapo hapo jikoni, maana ufa wa solda na kapasita mbovu hujificha bodi ikiwa baridi na kujitokeza ikipata moto.

Mama wa Tudor alitaka yake iwe ya Kiswahili. Niliweka 10.20, alasiri, akasimama pembeni yangu mpaka ikafika 11.20, kisha akaondoa leso kwenye sinia ya kwanza.